Pesa ya mshindi ilipoingia simu ya aliyemaliza wa 41

Jumapili, saa tano asubuhi, uwanja wa shule mtaani Langas hapa Eldoret. Umemaliza mbio za kilomita 10 na umeshinda. Jasho linakutiririka, watoto wamekuzunguka wanataka kushika nambari yako ya kifuani, na umeambiwa zawadi yako ya Sh5,000 inatumwa kwa M-Pesa sasa hivi. Unatazama simu. Kimya. Unaizima, unaiwasha. Bado kimya. Unamwendea kijana wa kompyuta aliyeketi chini ya hema, unamwambia kwa heshima, "Boss, kwangu bado haijaingia."

Kijana huyo wa kompyuta nilikuwa mimi.

Na pesa zilikuwa zimetumwa, manze. Ziliingia kwa simu ya jamaa aliyemaliza wa 41, ambaye alikuwa ashapanda boda akaenda zake, na ambaye alitujibu kwa ujumbe: "Asanteni sana, Mungu awabariki." Sh3,000 za mshindi wa pili na Sh2,000 za wa tatu nazo zilikuwa zimewafikia watu ambao hata hawakukaribia mstari wa mbele. Ukurasa wa matokeo niliokuwa nimeutengeneza ulionekana safi kabisa. Majina sawa, muda sawa. Hakuna hata neno moja jekundu la kuonya kwamba kuna kitu kimeharibika.

Kama unajifunza kutengeneza tovuti, au unawawekea chama chenu hesabu kwenye Excel, kaa hapa kidogo nikueleze nilichokosea. Ni kosa dogo na kila mtu hulifanya angalau mara moja. Mimi nililifanya mbele ya umati.

Nilikuwa na orodha tatu. Ya kwanza majina, ya pili muda, ya tatu nambari za simu. Wakimbiaji walikuwa 63, kwa hivyo kila orodha ilikuwa na vitu 63. Aliyekuwa wa tano kwenye majina ndiye mwenye muda wa tano na simu ya tano. Hakuna kingine kilichowaunganisha. Kompyuta haikujua kwamba jina hili na simu ile ni za mtu mmoja. Mimi ndiye niliyejua, kichwani mwangu.

Umewahi kumwona muuza viatu vya mitumba akipanga vya kushoto safu moja na vya kulia safu nyingine? Mradi safu zote mbili zimefuatana, ukichukua cha nne hapa na cha nne pale unapata jozi. Sasa mwambie mwanawe apange safu ya kushoto kuanzia kiatu kidogo hadi kikubwa, na ya kulia asiiguse. Hakuna kiatu kilichopotea. Hakuna kilichoraruka. Lakini jozi zimekwisha.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Msimbo wangu wa kwanza, niliouandika Alhamisi, ulipanga muda na majina kwa pamoja vizuri tu. Kisha Jumamosi usiku kamati ikaamua zawadi zisitolewe taslimu bali kwa simu, nami nikaongeza orodha ya tatu haraka haraka huku nikipiga miayo. Sikurudi kule kwenye kupanga. Kwa hivyo muda na majina vilihama, simu zikabaki kwa mpangilio wa usajili. Watatu waliopata pesa ni wale waliowahi kujiandikisha. Si wale waliowahi kufika.

Utauliza, mbona mweka hazina hakuona? M-Pesa si huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha? Huonyesha, na aliyaona majina yasiyofanana. Lakini wewe mwenyewe unajua mtaani kulivyo: vijana kibao wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mama, shangazi au kaka mkubwa. Akadhani ni yale yale. Akaendelea.

Hebu tutumie majina ambayo mtu wa Sisibo hawezi kudanganywa nayo. Chukua wakimbiaji wanne wa marathoni na muda wao bora:

majina: Kipchoge, Kiptum, Kimetto, Bekele
muda: 2:01:09, 2:00:35, 2:02:57, 2:01:41
miji: Berlin, Chicago, Berlin, Berlin

Eliud Kipchoge alikimbia muda huo mwaka 2022, marehemu Kelvin Kiptum mwaka 2023, Dennis Kimetto mwaka 2014 na Kenenisa Bekele wa Ethiopia mwaka 2019. Sasa katika JavaScript andika amri moja tu, muda.sort(), kisha chapisha orodha zote tatu. Utapata Kipchoge 2:00:35 Berlin, Kiptum 2:01:09 Chicago, Kimetto 2:01:41, Bekele 2:02:57. Umempokonya Kiptum rekodi yake ukampa Kipchoge, tena umeihamishia Ujerumani. Kimetto, mtu wa kwanza kukimbia marathoni rasmi chini ya 2:03, umemwongezea kasi ya sekunde 76 bila hata kuvaa viatu.

Hapa Eldoret mtoto wa darasa la nne angekucheka na kukurekebisha. Shida ni kwamba orodha nyingi tunazozipanga si za kina Kipchoge. Ni za watu 63 wasiojulikana, au za alama za wanafunzi, au za wanachama na michango yao. Hapo hakuna wa kukucheka. Kosa linakaa pale kwenye tovuti kimya, hadi pesa ziguswe.

Na kuna ubaya mwingine. Amri ya sort haikupi nakala, inapanga orodha ile ile uliyoishika. Mpangilio wa zamani umetoweka, na kama hukuweka nakala huna njia ya kurudi. Tangu mwaka 2023 JavaScript ina toSorted, ambayo hukupa orodha mpya na kuiacha ya awali ilivyo. Itumie. Mimi niliokolewa na karatasi za usajili zilizoandikwa kwa kalamu, zilizokuwa ndani ya boksi la maji ya chupa.

Dawa ninayoipenda ni kutokuwa na orodha tatu kabisa. Mfunge kila mtu pamoja na vitu vyake tangu mwanzo, kama viatu vilivyofungwa kamba pamoja:

{ jina: "Kiptum", sekunde: 7235, mji: "Chicago" }

Ukiwa na orodha moja ya vifungu kama hicho, iite wakimbiaji, kazi yote ni mstari mmoja:

wakimbiaji.sort((a, b) => a.sekunde - b.sekunde)

Maana yake: chukua wawili, ondoa sekunde za huyu kutoka za yule, mwenye chache aje mbele. Akihama, anahama na jina, mji, simu, kila kitu. Ukiongeza kitu cha nne Jumamosi usiku ukiwa na usingizi, nacho kitahama. Hiyo ndiyo sababu hasa ninaipenda. Haitegemei wewe kukumbuka.

Lakini wakati mwingine huna uhuru huo. Orodha zinakujia zikiwa zimetengana, labda muda umetoka kwa mtu wa saa kwenye mstari wa kumalizia na simu zimetoka kwa karani, na kuna programu ya zamani inayozitaka hivyo hivyo. Basi usipange majina wala muda. Panga nafasi. Tengeneza orodha ya nne yenye 0, 1, 2, 3 (kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, zoea tu), kisha uiambie ijipange kwa kutazama muda ulioko kwenye kila nafasi:

nafasi.sort((a, b) => sekunde[a] - sekunde[b])

Kwa wale wanne wetu utapata 1, 0, 3, 2. Yaani anza na aliye nafasi ya 1, Kiptum, kisha 0, Kipchoge, kisha 3, Bekele, mwisho 2, Kimetto. Halafu soma majina, muda na miji yote kwa kufuata hiyo nafasi. Orodha za awali hazijaguswa hata kidogo. Ukitaka kuzipanga kwa mji kesho, unatengeneza nafasi nyingine.

Wanaotumia PHP, lugha iliyo nyuma ya WordPress na kwa hivyo nyuma ya tovuti nyingi sana za biashara ndogo, wana array_multisort. Unaipa orodha kadhaa kwa pamoja, inapanga ya kwanza na kuziburuta nyingine zifuate. Ni tamu, ila ukisahau kuipa moja, umerudi kwangu chini ya hema. Na nyinyi wa Excel: ukichagua safu wima moja tu ukabonyeza kupanga, itakuuliza kama unataka kujumuisha safu za jirani. Usibonyeze upesi upesi. Soma hilo swali, mjumuishe jirani.

Umeona nilivyoandika sekunde badala ya 2:00:35? Si mapambo. Hili la pili nusura linishike mwaka huo huo, na kwa mji wa wakimbiaji kama huu ni noma kuliko la kwanza. Usipoieleza JavaScript ilinganishe vipi, inalinganisha kila kitu kama maneno, herufi baada ya herufi. Marathoni nzima inaweza kukudanganya kwamba iko sawa kwa sababu wote wanne wanaanza na 2. Sasa jaribu nusu marathoni. Mmoja amekimbia 59:40, mwenzake 1:00:12. Kwa kompyuta inayosoma kama kamusi, 1 hutangulia 5, kwa hivyo aliyezidi saa moja anawekwa mbele ya aliyekimbia chini ya saa. Kuna watu hapa wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini miaka mitatu ili tu waone 59 kwenye karatasi, halafu msimbo wako unawaweka mkiani. Geuza muda kuwa sekunde: 3580 na 3612. Imekwisha.

Na usidhani nambari tupu ziko salama. Panga 9, 10 na 100 kwa sort() bila maelezo, itakupa 10, 100, 9. Ni mambo ya siku za mwanzo za lugha hii, ambayo Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 pale Netscape, na haiwezi kubadilishwa sasa bila kuvunja tovuti za watu.

Waliolingana muda je? Siku hizi hawakusumbui. Tangu kanuni za mwaka 2019, wawili wakilingana wanabaki kwa mpangilio waliokuja nao, kwa hivyo ukianza kwa kupanga kwa nambari ya kifuani kisha kwa muda, waliofungana watafuatana kwa nambari. Zamani Chrome ilikuwa inaweza kuwavuruga orodha ikipita watu 10. Kama shule yenu bado ina kompyuta ambazo hazijaguswa tangu kabla ya 2018, hapo sijui nikwambieje.

Kabla hujaamini ukurasa wako, fanya jaribio ninalolifanya sasa kila mara. Chagua mtu mmoja wa katikati, si wa kwanza wala wa mwisho. Andika jina lake, muda na simu yake kwenye karatasi kabla ya kupanga. Panga. Mtafute tena uone kama bado yuko na vitu vyake. Inachukua dakika moja. Ungependa kujaribu mifano yote hii leo, fungua Chrome kwenye kompyuta ya saiba, bonyeza F12, nenda mahali pa kuandikia amri, uanze na wale wanne.

Turudi uwanjani. Sh5,000 za jamaa wa 41 zilirudi jioni hiyo. Tulimpigia, akacheka, akasema alikuwa ameshangaa lakini hakutaka kuuliza Mungu maswali. Sh2,000 nazo tulizirejesha kwa kusambaza ujumbe wa M-Pesa kwa 456. Zile Sh3,000 ndizo zilizotutesa. Aliyezipokea alikuwa na deni la Fuliza, na Fuliza haingoji: pesa ikiingia, deni linajilipa kwanza. Alipofungua simu alikuta karibu zote zimekwenda. Hakuwa mwizi, hakuwa na la kurudisha, na mshindi wa pili alikuwa amesimama pale pale akihesabu nauli ya kurudi Iten.

Nilimlipa mshindi kutoka mfukoni mwangu, nikala sukuma bila nyama mwezi mzima. Yule wa Fuliza tulikubaliana anitumie mia mbili kila Ijumaa. Amebakisha elfu moja na mia mbili.