Pumba za mtama na sukari inayoganda kwenye protini

Kwenye mashine za kukoboa za Kongwa na Chamwino, pumba za mtama huishia kwa kuku. Wenye kisukari wanaohangaika na dawa za asili wangeanza kuulizia hapo, maana kuna ukweli katika pumba hizo, ingawa si ukweli wa kuponya.

Sukari ikizidi kwenye damu hujishika kwenye protini yenyewe, bila kusaidiwa na kimeng'enya. Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza kemia hiyo mwaka 1912. Ndiyo inayoupa mkate rangi ya kahawia tanurini. Mwilini huenda taratibu. Protini zinazodumu miaka mingi, kama za kuta za mishipa na lenzi ya jicho, hukakamaa na kushikana. Kipimo cha HbA1c huangalia ni kiasi gani cha himoglobini kimeshikwa na sukari. Chembe nyekundu huishi siku kama 120, kwa hiyo majibu hueleza miezi miwili au mitatu iliyopita. Mgonjwa aliyejinyima siku mbili kabla ya kliniki hawezi kuficha kitu.

Mtama mwekundu wenye uchungu, ule ambao kwelea kwelea huukimbia, una viambata vingi viitwavyo tanini kwenye ganda. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walionesha kwamba pumba za mtama wa aina hiyo huzuia sukari isijishike kwenye protini ya albumini. Za ngano na mchele hazikuzuia. Macia, mtama mweupe unaolimwa sana kwetu, hauna tanini hizo.

Lakini hayo yalifanyika maabara, ambako tanini na protini vilikutanishwa moja kwa moja. Ukila, tanini kidogo tu ndiyo hufika kwenye damu. Hata dawa ya aminoguanidini, iliyojaribiwa kwa kazi hiyo hasa na kufanya vizuri kwa wanyama, ilikwama kwa binadamu kwa sababu ya madhara yake. Basi anayeuza mvinyo wa Dodoma kama tiba, eti kwa sababu ganda la zabibu nalo lina viambata vya jamii ya tanini, anawapotosha wagonjwa.

Faida ya mtama naiona tumboni: usipokobolewa, wanga wake humeng'enywa polepole, na sukari haipandi ghafla. Bado tonge lihesabiwe, na mjamzito mwenye upungufu wa damu akumbuke kwamba tanini huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Aliyebadili unga leo aendelee na dawa yake ya metformini, apime HbA1c baada ya miezi mitatu.