Maana na matumizi ya msemo 'neck and neck'

MSEMO 'neck and neck' haukauki vinywani mwa watangazaji wa Kiingereza kila wanaposhindana watu wawili na ikawa muhali kubaini aliye mbele. Anayeutafsiri neno kwa neno hupata 'shingo na shingo', kauli ambayo haimwelezi chochote msomaji wa Kiswahili.

Asili ya msemo huu ni mbio za farasi. Katika mbio hizo, pengo baina ya farasi wanapomaliza hupimwa kwa viungo vya mnyama huyo: pua, kichwa, shingo, kisha urefu wa mwili mzima. Farasi wawili wakienda shingo zao zikiwa sambamba, basi hakuna aliyemwacha mwenzake.

Kutoka hapo msemo ulienea hadi katika riadha na siasa. Mfano mwafaka ni fainali ya mita 10,000 katika Olimpiki za Sydney mwaka 2000. Mkenya Paul Tergat alichomoka katika mzunguko wa mwisho, Haile Gebrselassie wa Ethiopia akamfuata unyounyo. Hapo msemo huu ulikuwa bado haujafaa, kwani mmoja alikuwa mbele. Ulifaa walipokuwa sambamba hatua chache kabla ya utepe. Gebrselassie alishinda kwa sekunde 0.09 pekee.

Ikumbukwe kwamba msemo huu hueleza hali ya shindano likiwa lingali linaendelea, wala si matokeo yake. Katika uchaguzi wa urais nchini Kenya mwaka 2022, ulifaa kura zilipokuwa zikijumlishwa, William Ruto na Raila Odinga wakikaribiana mno. Baada ya Ruto kutangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Odinga, kauli sahihi ikawa 'ushindi mwembamba'.

Kosa linalojitokeza katika tafsiri ni kutumia 'bega kwa bega' badala ya msemo huu. Maneno hayo yana maana ya kushirikiana na kusaidiana. Mwanahabari akiandika kuwa wagombea wawili 'wanakwenda bega kwa bega', msomaji ana haki ya kudhani kwamba mahasimu hao wameungana. Wakati wa uchaguzi, ambapo uvumi huenea kama moto nyikani, kuteleza huko kwa ulimi si jambo dogo.

Kiswahili hakijapungukiwa. Yafaa kusema wapinzani 'wametoshana nguvu', 'wanakabana koo' au kwamba 'hakuna anayemwacha mwenzake'. Mfasiri stadi hatafuti shingo iliko. Hutafuta maana iliyokusudiwa, kisha huitamka jinsi Waswahili wanavyoitamka.