Mcheza Kwao Hutuzwa: Lugha na Tuzo za Emmy

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kitenzi *kutuza* kilichomo katika methali hii ndicho kilichotupa nomino *tuzo*, na maana yake ya awali haijapotea. Katika ngoma na katika taarabu, mtazamaji aliyefurahishwa huinuka, akamwendea mwimbaji na kumtuza fedha papo hapo mbele ya hadhara. Mtu huyo ameona na amesikia. Lugha ya wimbo ni lugha yake, na aghalabu hutuza ubeti mmoja uliomgusa moyo. Kwa hiyo neno *kwao* katika methali hii halitaji mahali tu. Lataja pia watu wanaoyafahamu yale yanayosemwa.

Katika makala haya tutazitazama tuzo za televisheni za Marekani, zijulikanazo kwa jina la Emmy, kwa mujibu wa methali hiyo. Swali letu ni moja: mtu anapoigiza katika lugha ambayo watuzaji wake hawaielewi, ni kitu gani hasa kinachotuzwa? Swali hili latuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili, kwa kuwa tamthilia zetu nazo zimeanza kutazamwa na watu wasioijua lugha yetu.

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi tuzo zenyewe. Emmy zilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Januari 1949, katika ukumbi wa Hollywood Athletic Club, na zilihusu vipindi vya Los Angeles peke yake. Mshindi wa kwanza kabisa alikuwa Shirley Dinsdale, aliyezungumza kwa niaba ya mwanasesere wake. Jina la Emmy lilitokana na *immy*, jina la mkato la chombo kilichonasa picha ndani ya kamera za wakati ule. Leo wapigaji kura ni wanachama wa Television Academy, ambao idadi yao yazidi 20,000. Wanachama wote huweza kuchagua tamthilia iliyo bora, lakini tuzo za ufundi hupigiwa kura na watu wa fani inayohusika: waigizaji huwachagua waigizaji, waelekezi huwachagua waelekezi, na waandishi huwachagua waandishi. Jambo hili la mwisho tutalirudia.

Ama kuhusu lugha, kanuni za Emmy hazikutenga kundi la kazi za lugha ngeni. Kazi iliyotoka nje huweza kuwania pamoja na nyingine iwapo kampuni ya Marekani imeshiriki katika kuitayarisha. Zipo pia Emmy za Kimataifa, lakini hizo ni tuzo mbali zenye hafla yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi Kiingereza ndicho kilichotawala. Mabadiliko yaonekana dhahiri tukiulinganisha mwaka 1981 na mwaka 2024, kwani katika miaka yote miwili palituzwa tamthilia iliyotokana na riwaya moja, yaani *Shōgun* ya James Clavell, iliyotolewa mwaka 1975. Riwaya hiyo yasimulia habari za nahodha Mwingereza aliyefika Japani karibu na mwaka 1600.

Tamthilia ya kwanza ilionyeshwa na NBC mwaka 1980, na mwaka uliofuata ikapata Emmy ya tamthilia fupi iliyo bora. Humo Wajapani walizungumza Kijapani, lakini sehemu kubwa ya maneno yao haikufasiriwa. Watayarishaji walitaka mtazamaji awe katika hali ya yule nahodha, asikie sauti bila ya kupata maana mpaka mkalimani aseme. Kijapani, basi, kilikuwapo kama sehemu ya mandhari, mfano wa mavazi na majumba.

Tamthilia ya pili ilitolewa na FX mwaka 2024. Takriban asilimia 70 ya mazungumzo yake yalikuwa ya Kijapani, na tafsiri ya Kiingereza iliandikwa chini ya picha. Kiingereza kilichozungumzwa humo kiliwakilisha Kireno, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya mawasiliano baina ya nahodha na wakalimani. Tamthilia hiyo ilipata Emmy 18, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na tamthilia yoyote kwa msimu mmoja. Kabla yake *John Adams* ya mwaka 2008 ilikuwa na 13. Ikawa tamthilia ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutuzwa kuwa bora kuliko zote, na Hiroyuki Sanada na Anna Sawai wakashinda kwa uigizaji. Njia ilikuwa imefunguliwa mwaka 2022 na *Squid Game* ya Kikorea, ambapo Lee Jung-jae alishinda kwa uigizaji na Hwang Dong-hyuk kwa uelekezi.

Hata hivyo, tukiichunguza orodha ya washindi, twaona jambo moja la kuzingatia. Kazi hizi mbili zilitunukiwa kwa uigizaji na kwa uelekezi. Zote mbili ziliteuliwa pia kuwania tuzo ya uandishi wa tamthilia, na zote mbili ziliikosa. Mwaka 2022 tuzo hiyo ilikwenda kwa *Succession*, na mwaka 2024 ikaenda kwa *Slow Horses*, zote za Kiingereza. Hatudai kwamba waandishi hao hawakustahili, wala mifano miwili haitoshi kuthibitisha kanuni. Twasema tu kwamba uso wa mwigizaji na mpangilio wa picha huvuka mpaka wa lugha kwa urahisi kuliko neno. Mwandishi anayempigia kura mwandishi mwenzake ambaye lugha yake haijui, kwa hakika anapima mistari miwili ya tafsiri iliyobanwa ili isomeke kabla ya picha kubadilika.

Tena, yule aliyeyafanyia kazi maneno yenyewe huweza asionekane kabisa. Miswada ya *Shōgun* ya mwaka 2024 iliandikwa kwa Kiingereza, ikafasiriwa kwa Kijapani, kisha ikapelekwa kwa Kyoko Moriwaki, mtunzi wa michezo ya kihistoria, ili mazungumzo yalingane na zama zile na daraja za wazungumzaji. Baada ya hapo Kijapani hicho kilirudishwa katika Kiingereza kwa ajili ya tafsiri za chini ya picha. Maneno waliyoyasikia Wajapani, kwa hiyo, yalipitia mkononi mwa Moriwaki; lakini jina lake halikuwa miongoni mwa yale yaliyoteuliwa kwa uandishi.

Sasa natugeukie kwetu. Walioitazama *Vitimbi* katika Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, wanajua kwamba sehemu kubwa ya kicheko ilitokana na matamshi ya Mzee Ojwang, Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kilichoigizwa na marehemu Benson Wanjau, ambaye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Hakuna tafsiri ya chini ya picha iwezayo kuuhamisha ufundi huo. Mwaka 2022 *Country Queen*, tamthilia ya kwanza ya Kenya kutayarishwa kwa ajili ya Netflix, ilichanganya Kiswahili, Kikamba na Kiingereza. Uchaguzi wa nani aseme lugha gani, na kwa nani, ni sehemu ya utunzi wake. Mtazamaji wa ng'ambo hukisia tu.

Tuchukue pia mfano wa kubuni. Mtunzi anataka kuigiza Lamu ya wakati wa Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19. Akiandika Kiswahili sanifu, wahusika wake watasema *njia* na *macho*, ilhali Waamu husema *ndia* na *mato*. Wala jambo haliishii kwenye sauti, kwani zipo pia heshima za usemi baina ya mwana na mzazi, na baina ya mtumwa na bwana. Atahitaji mjuzi wa Kiamu kama vile Wajapani walivyomhitaji Moriwaki. Je, mjuzi huyo atahesabiwa kuwa mwandishi, au atalipwa siku mbili na kusahauliwa?

Kenya ina tuzo zake za Kalasha, zilizoanzishwa na Tume ya Filamu mwaka 2009. Hapa waamuzi wanaweza kukisikia Kiswahili moja kwa moja, jambo ambalo wengi wa wapigaji kura wa Emmy hawaliwezi kwa Kijapani wala Kikorea. Nafasi hiyo itapotea bure iwapo miswada itaamuliwa kwa kusoma tafsiri ya Kiingereza. Kwa maoni yetu, mambo matatu yanafaa kufanywa. Kwanza, mswada upimwe katika lugha yake ya asili, na waamuzi wanaoijua. Pili, aliyeyasarifu mazungumzo katika lahaja au lugha nyingine aandikwe pamoja na watunzi na ateuliwe pamoja nao. Tatu, idara zetu za lugha zifundishe uandishi wa mazungumzo ya televisheni kama zifundishavyo ushairi na riwaya, ili wajuzi wa namna hiyo wapatikane watayarishaji watakapowahitaji.