Mate ya Mbu na Alama Yanayoiacha Katika Damu

Mto Tana unapofurika na kumwagika katika nyanda za Garsen, maji yanapokwisha kupungua huacha madimbwi ambamo mbu wa jamii ya Anofelesi hutaga mayai, na wanaoumwa ni wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma, ambao mashamba na malisho yao hustawi kwa mafuriko hayohayo. Mbu huyo hanyonyi damu kabla ya kutema mate chini ya ngozi, na ndani ya mate hayo ndimo vinamosafiri vimelea vya malaria.

Damu ya binadamu ina ulinzi wake: mshipa ukitobolewa hujibana, chembe sahani hushikamana penye tundu, na damu huganda. Mbu jike, ambaye bila damu hawezi kukomaza mayai, huushinda ulinzi huo kwa protini zinazotengenezwa katika tezi zake mbili za mate, kila moja ikiwa na matawi matatu. Protini iitwayo apirazi huvunjavunja kemikali zinazoziita chembe sahani zikusanyike. Zile za ukoo wa D7 hunasa histamini na serotonini, ambazo zingeubana mshipa na kuleta mwasho mapema. Nyingine huzuia damu isigande. Kila protini hujengwa kwa maelekezo ya jeni, yaani sehemu ya chembe za urithi, na ramani ya jeni zote za Anopheles gambiae ilichapishwa mwaka 2002, ikitokana na mbu wa maabara ambao sehemu ya nasaba yao ni mbu wa Asembo, magharibi mwa Kenya.

Kati ya protini hizo, gSG6 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ni ya Anofelesi peke yao na haimo katika mate ya mbu wa jamii za Kuleksi wala Aedesi. Mtu akiumwa, mwili wake huitambua kuwa ngeni na kuitengenezea kingamwili, hivyo tone la damu kutoka kidoleni linaweza kuonyesha kama ameumwa na mbu wa malaria hivi karibuni, hata kama mbu huyo hakuwa na vimelea. Kipimo hicho kimejaribiwa Senegali na magharibi mwa Kenya, na nchini Angola kingamwili dhidi ya mate ya mbu zilipungua baada ya watu kugawiwa vyandarua.

Ni vigumu kufikiria mahali panapokihitaji kipimo hicho zaidi kuliko Garsen. Maji yakikata barabara, kama ilivyotokea kwenye njia ya Lamu mnamo Novemba 2023, mtafiti hawezi kufika kijijini kila usiku kutega mbu; tena mbu wa aina ya Anopheles arabiensis huuma ng'ombe na watu pia, kwa hiyo mbu wengi waliotegwa karibu na zizi la Mworma si ushahidi kwamba watoto wa boma hilo wanaumwa sana. Damu ya watoto wenyewe, ikipimwa kabla ya vyandarua kugawiwa na kupimwa tena majuma machache baadaye, ingeonyesha ni vijiji gani ambako mbu bado wanawafikia watu, bila kungoja homa ianze.