Mushituko si wimbi



Katika somo la fizika wengi wetu tunajibu kwamba mushituko na wimbi ni kitu kimoja. Sivyo. Mwalimu anaviita kwa Kifaransa impulsion na onde, na kwenye mutihani wa Serikali kuvichanganya ni kupoteza pointi bure. Tukamate kamba, tuone.

Funga kamba ndefu kwenye muti wa muembe, ivute kidogo, kisha inua mukono mara moja tu na kuushusha. Utaona kilima kidogo kinakimbia juu ya kamba mupaka kwa muti. Huo ndio mushituko: ni wa mara moja, una mwanzo na una mwisho. Ukifika kwenye fundo unarudi, lakini umepinduka, kilima kimekuwa shimo. Sasa funga kitambaa katikati ya kamba. Kitapanda na kushuka, lakini hakitaenda kwa muti. Kinachosafiri ni nguvu, si kamba.

Sasa tikisa mukono bila kuacha, kwa kipimo kimoja, tuseme mara 2 kila sekunde. Vilima vinafuatana kwa mustari. Hilo ndilo wimbi. Kama toka kilima mupaka kilima ni metre 1,5, mwendo ni 2 × 1,5, ni kusema metre 3 kila sekunde. Ukitikisa mara 3, vilima vinakaribiana, vinaachana metre 1, lakini mwendo unabaki metre 3. Kwa mushituko mumoja huwezi kuuliza «mara ngapi kwa sekunde?», sababu umepita mara moja tu. Lakini mwendo wake unaweza kuupima.

Hapa ndipo wengi wanaanguka: wanafikiri kuinua mukono sana kunafanya mushituko ukimbie zaidi. Hapana. Kilima kinakuwa kirefu, basi. Mwendo unaamuliwa na kamba yenyewe: ikikazwa, unaongezeka, ikiwa nzito, unapunguka.

Faida yake ni gani? Siku ya 5 Desemba 2005, saa nane ya muchana, inchi ilitetemeka chini ya ziwa Tanganyika, kipimo 6,8, na kule Kalemie nyumba zilianguka. Tetemeko linatuma kwanza musukumo unaopita ndani ya mawe karibu kilometre 6 kwa sekunde. Nyuma yake unakuja mutikiso wa upande kwa upande, karibu kilometre 3,5 kwa sekunde. Huu wa pili ndio unabomoa zaidi. Mutu aliye kilometre 60 toka chanzo anasikia wa kwanza kisha sekunde 10, na wa pili kisha sekunde 17. Kwa mwenye kuwa kilometre 300, ni sekunde 50 na 86.

Sekunde 7 ni kidogo, lakini zinatosha kutoka kama uko karibu na mulango, ao kuingia chini ya meza na kufunika kichwa. Basi ukisikia musukumo wa kwanza, usikae kuuliza «ni nini?». Wa pili uko njiani.