Kuhamisha mtoto shule mpakani: gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Wiki ya kwanza ya Januari, maduka ya sare upande wa Kenya wa Busia hujaa wazazi. Ng'ambo ya pili, hatua chache kupita kituo cha pamoja cha forodha, watoto wa Uganda bado wako likizo. Wengine wanasaidia mama zao kupanga nyanya kwenye mabeseni, kwa kuwa shule zao hufunguliwa karibu mwezi mzima baadaye. Maamuzi mengi ya kuhamisha watoto hufanyika katika mwezi huo wa katikati. Mfanyabiashara aliyebaki na deni la karo upande mmoja, au aliyesikia sokoni kwamba shule fulani ng'ambo inafaulisha, humshika mtoto mkono na kumvusha.

Tuseme mtoto huyo ni msichana wa Kirewa, wilayani Tororo, aliyeingia darasa la nne. Mama yake hununua maharagwe na mahindi huko nyumbani na kuyauza Busia. Simsemi mama mmoja ninayemjua. Wako wengi wa namna yake, na wasomaji wa ukurasa huu wanaweza kujiona humo. Biashara ikichangamka, anakodi chumba Busia upande wa Kenya na kumchukua mtoto. Biashara ikilala, mtoto anarudi Kirewa kwa nyanya yake. Ndani ya miaka mitatu amekaa katika shule tatu, na ripoti za mihula haziko katika bahasha moja.

Maharagwe ya mama huyo yana karatasi yao. Mzigo wa bidhaa zilizo kwenye orodha, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa chini ya utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ripoti ya darasa la nne haina cheti kama hicho. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia kutambuana vyeti vya elimu kati ya nchi wanachama, na ngazi ya vyuo vikuu imepiga hatua. Lakini mtoto wa darasa la nne hana cheti cha kutambuliwa. Ana daftari, na kila kilichomo kwenye daftari hilo kilipangwa kwa nchi moja.

Tuanze na lugha. Tangu 2007, shule za msingi za Uganda zinatakiwa kufundisha madarasa ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa lugha ya mahali. Kirewa hiyo ni Dhopadhola. Darasa la nne ndilo la kuvukia kuingia Kiingereza, na mwalimu mzuri hulitumia kumshika mtoto mkono taratibu, neno kwa neno. Mama akimvusha mwaka huohuo, mtoto anakatizwa katikati ya daraja. Busia ya Kenya, gredi ya 4 inachukulia kwamba Kiingereza kimekwisha kushika, na pamoja nacho kuna Kiswahili, somo kamili lenye insha, sarufi na ngeli. Mtoto wa Kirewa anajua Kiswahili cha kuuliza bei. Ngeli hajawahi kuzisikia. Muhula wa kwanza anaandikiwa alama za chini, si kwa sababu ni mzito, bali kwa sababu anajifunza lugha mbili kwa mpigo mmoja huku wenzake wakijifunza sehemu za hesabu.

Ukimrudisha Uganda, shida inageuka. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, una karatasi nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Masomo ya Jamii pamoja na dini. Kiswahili hakimo. Baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini karatasi za PLE zimebaki nne zilezile. Kwa hiyo miaka miwili aliyoitumia mtoto kushindana na ngeli haimpi hata alama moja pale anapohesabiwa. Kwa mfanyabiashara, Kiswahili hicho ni mtaji, na sitamwambia mzazi yeyote wa mpakani kwamba mtoto wake amepoteza muda kwa kukijua. Nasema tu kwamba msahihishaji wa PLE hakioni.

Masomo ya Jamii ndiyo mtego ambao wazazi wengi hawaufahamu. Nchini Uganda, darasa la nne husoma wilaya yake, la tano husoma Uganda, la sita Afrika Mashariki na la saba bara zima la Afrika. PLE inauliza kutoka ngazi zote hizo. Mtoto aliyekuwa Kenya darasa la nne na la tano akarudi la sita, ataikuta Afrika Mashariki ikifundishwa na ataifurahia, maana ameiona kwa macho. Wilaya na Uganda hakufundishwa, wala hakuna atakayerudi nyuma kumfundisha. Kufikia Novemba ya darasa la saba, maswali ya mambo hayo yatamkuta mikono mitupu.

Kisha kuna hesabu ya madarasa yenyewe. Uganda ina miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya juu. Kenya ilikuwa na mfumo wa 8-4-4 tangu 1985, na mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanyika 2023. Sasa msingi unaishia gredi ya 6, ambako kuna tathmini ya KPSEA iliyoanza 2022, ikifuatwa na miaka mitatu ya sekondari msingi na mitatu ya sekondari ya juu. Mtoto aliyemaliza gredi ya 6 Kenya bado hana PLE, na bila PLE au matokeo yaliyolinganishwa rasmi na baraza la mitihani, UNEB, njia ya kusajiliwa mtihani wa kidato cha nne nchini Uganda inakuwa na vizingiti. Anayetoka Uganda akaingia Kenya baada ya darasa la saba naye ana pengo lake. Mpango wa Kenya wa kupanga wanafunzi katika gredi ya 10 unahesabu asilimia 60 kutoka mtihani wa gredi ya 9, KJSEA, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 kutoka KPSEA ya gredi ya 6. Aliyevuka akiwa amechelewa hana hiyo asilimia 20 ya mwisho. Mwalimu mkuu atakayekuambia "tutaona mbele ya safari" anakuuzia mzigo bila risiti.

Je, haya yote yanaonekana kweli katika matokeo ya watoto, au ni wasiwasi tu? Suala la kuhama shule limechunguzwa sana ng'ambo ya bahari. Mwaka 2009 mtafiti John Hattie alitoa kitabu kilichokusanya matokeo ya chambuzi zaidi ya 800 kuhusu mambo yanayoinua au kushusha ujifunzaji, akayapanga 138 kwa mstari. Kuhama shule kulikuwa mkiani kabisa, chini hata ya kutazama televisheni. Watafiti wengine watatu, Hanushek, Kain na Rivkin, walifuatilia wanafunzi wa jimbo la Texas, Marekani, na kuchapisha matokeo yao 2004. Waliona kwamba mwaka wa kuhama unamrudisha mtoto nyuma. Waliona pia jambo ambalo wazazi wa mpakani hatulifikirii: katika shule ambayo watoto wanaingia na kutoka kila mara, hata yule ambaye hajahama anaumia. Mwalimu anayepokea sura mpya kila muhula hulazimika kurudia somo la mwezi uliopita, na darasa zima linamngoja. Shule nyingi za miji ya mpakani ziko hivyo, Malaba na Busia, pande zote mbili.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu kuhama kwenyewe. Watoto wanaohama mara nyingi huhama kwa sababu kuna jambo nyumbani: baba amefariki, ndoa imevunjika, mtaji umeliwa, mwenye nyumba amefunga mlango. Mambo hayo yangemshusha mtoto hata kama angebaki kwenye dawati lilelile. Watafiti wa Texas wenyewe walionyesha kwamba familia zilizohama zikitafuta shule bora, hasa zilizokwenda wilaya nyingine ya shule, ziliweza kufaidika baadaye, baada ya hasara ya mwanzo kulipwa. Hasara ipo daima. Swali ni kama kuna faida ya kuilipa, na kama mtoto atakaa vya kutosha kuivuna.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri wa sokoni, ule wa "upande ule wanasoma, huku hawasomi." Nimeusikia ukisemwa pande zote mbili za mpaka, kwa uhakika uleule. Utafiti wa Uwezo, uliopima watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa miaka kadhaa, ulikuta katika nchi zote tatu watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kazi ya darasa la pili. Hakuna upande ambao mpaka unageuka kuwa ngazi. Idadi ya mara ulizomhamisha na darasa alilokuwamo ulipomhamisha vina uzito kuliko bendera iliyoko uwanjani.

Mwaka 2021 tuliliona hili. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na ukiacha madarasa machache yaliyorudi katikati, watoto wengi hawakurudi mpaka Januari 2022, kufungwa kurefu kuliko kwingine kote duniani. Kenya ilifungua madarasa yote Januari 2021. Wazazi wa Busia na Malaba wenye uwezo walivusha watoto, na nani angewalaumu? Lakini Kenya ilikuwa imebana mihula ili kufidia muda, hivyo Uganda ilipofungua Januari 2022 na kupandisha watoto darasa bila mtihani, upande wa Kenya ndiyo kwanza muhula wa tatu wa mwaka wa 2021 ulikuwa unaanza. Aliyemtoa mtoto wakati huo alimtoa kabla mwaka wake haujaisha. Aliyemwacha mpaka Machi alimrudisha Uganda muhula ukiwa umeshika kasi. Kilichoonekana kuwa faida ya mwaka mzima kililiwa na kalenda.

Kuna kuhama kwingine ambako mzazi hakuamui yeye. Shule yenye jina inayotaka orodha ndefu ya daraja la kwanza humwita mzazi wa mtoto dhaifu na kumshauri atafute pengine, mara nyingi darasa la sita likiisha. Utafiti wa Daniel Gilligan na wenzake katika shule za msingi za vijijini Uganda ulieleza jinsi shule zinazopimwa kwa matokeo ya PLE zinavyowakatisha tamaa wanafunzi dhaifu wasifike darasa la saba, na jinsi hilo lilivyopungua pale walimu walipolipwa kwa maendeleo ya kila mtoto. Ukiambiwa mtoto wako "hapa hapamfai" wakati huo, uliza ni yeye hapafai au ni wastani wa shule.

Turudi kwa msichana wa Kirewa. Kama mama yake lazima amvushe, mwaka mzuri ulikuwa darasa la kwanza au la pili, kabla lugha hazijamfunga. Ukipita huo, angesubiri mwisho wa mwaka badala ya mwisho wa muhula, na angekwenda kwa mwalimu wa zamani kuandikiwa mada alizosoma katika hesabu na sayansi, karatasi moja tu, ili mwalimu mpya asibahatishe. Mwezi ule wa Januari ambao Kenya imefungua na Uganda bado ungetumika kwa Kiswahili cha vitabuni, kwa mwalimu wa jirani, hata saa moja jioni. Cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula yote na namba ya utambulisho ya mwanafunzi vingekaa ndani ya bahasha moja isiyoachwa kwa karani wa shule.

Na kama ni darasa la sita Uganda, ningemwambia asiguse kitu. Usajili wa PLE hufanyika miezi ya mwanzo ya darasa la saba, na mtoto anayefika baada ya hapo hufanya mtihani chini ya kituo kisichomjua au hasajiliwi. Biashara ikimwita mama Busia mwaka huo, mtoto abaki kwa nyanya yake, na mama apande basi Ijumaa. Najua ni rahisi kuandika kuliko kuishi, hasa kwa anayelala sokoni siku tatu akingoja lori la mahindi lipate mteja. Najua pia kuna nyanya waliochoka na macho yao hayaoni daftari. Katika hali hiyo shemeji au jirani mwenye mtoto wa darasa hilohilo, akilipwa kwa debe la maharagwe kila mwezi, anagharimu kidogo kuliko sare mpya, ada ya kuingia na mwaka wa kurudia darasa, ambavyo mama huyo angelipa ng'ambo.