Msimamizi Akibadilika, Mkataba Haubadiliki



Ndugu Waislamu, katika kata ya Kawetele, pale Tukuyu wilayani Rungwe, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, mwenye nyumba anayeishi mbali humwachia ndugu au dalali kazi ya kupokea kodi. Siku msimamizi huyo anapoondolewa, ndipo mtihani unapoanza. Mpangaji aliyekwisha kulipa miezi sita huambiwa alipe upya, eti fedha za mwanzo hazikumfikia mwenye mali. Akikataa, mlango hutiwa kufuli na vyombo hutupwa nje, tena katika wilaya yenye mvua nyingi kama Rungwe.

Je, dini yetu inasemaje?

Kukodisha nyumba, yaani ijara, ni mkataba, na Allah (S.W.) ametuamrisha katika Surat al-Maidah, aya ya 1, tutimize mikataba. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza kuwa ijara hufunga pande zote mbili hadi muda wake uishe. Nyumba ikiuzwa, mpangaji hukamilisha muda wake; mwenye nyumba akifariki, warithi nao hufungwa na mkataba ule, ingawa Mahanafi wana kauli nyingine juu ya kifo. Basi ikiwa kuuza hakuvunji mkataba, itakuwaje kubadilisha msimamizi kuuvunje?

Msimamizi ni wakili. Alichopokea kwa idhini, amekipokea mwenye nyumba. Akikila, shauri ni baina ya wawili hao. Kumlipisha mpangaji mara ya pili ni kula mali ya mtu kwa batili, jambo lililoharamishwa katika Surat al-Baqara, aya ya 188.

Wapangaji nao wamche Mola wao. Wapo wanaozuia kodi kwa kisingizio cha kutomtambua msimamizi mpya. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma. Ama aliyekwama kwa dhiki ya kweli, Surat al-Baqara, aya ya 280, inamtaka mdai ampe muda.

Mwaka 1990, shughuli za Msajili wa Majumba zilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, mali na majukumu vilihamia pamoja. Huo ndio uadilifu: anayepokea nyumba hupokea na ahadi zake.

Kwa hiyo tunausia haya. Mwenye nyumba awaarifu wapangaji kwa maandishi, akitaja siku ambayo msimamizi mpya anaanza kazi. Msimamizi wa zamani akabidhi daftari la kodi, mikataba na funguo mbele ya mashahidi. Kodi isipandishwe kabla ya muda uliokubaliwa kwisha. Mpangaji atunze stakabadhi zake. Ukitokea mgogoro, wazee wa msikiti wapatanishe, au waende Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha.

Tukumbuke kuwa dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi baina yake na Allah. Mola atujaalie tuwe wepesi katika kudai na waaminifu katika kulipa. Amin.